Mwezi Juu ya Sufuria

Magunia elfu moja na mia mbili, asubuhi hii,
njegere kavu za manjano, kilo hamsini hamsini,
nayahesabu kwa kidole na kwa midomo
hapa ghalani, eneo la viwanda, Nakuru,
penye harufu ya pareto ya zamani na dizeli.
Kipsoi anapiga honi. Malori matatu. Yatapanda Eldoret,
Kitale, Lodwar, kisha mpaka, kisha vita
ambavyo mimi navijua kwa jina la redioni tu.

Njegere lakini nazijua.

Zilinikuta nina miaka tisa,
uwanja wa maonyesho, Januari ile,
tulipolala katika banda la ng'ombe wa maziwa.
Juu ya kichwa cha mama ubao ulikuwa bado umeandikwa:
MSHINDI WA KWANZA, FRESHIA.
Mama aliusoma akacheka.
Sikumbuki kama alicheka tena mwezi ule.

Walitupa kadi ya mgao. Walitupa turubai,
mafuta katika mkebe uliotoboka pembeni.
Asante, tulisema, na tulimaanisha.
Nani wa kulaumiwa? Aliyezipakia njegere huko kwao
hakuwahi kuzipikia kuni mbichi za mkaratusi.
Zilichemka tangu saa nane hadi jua kuzama
zikabaki changarawe.
Ndugu yangu Mugo alizitafuna hivyo hivyo.
Usiku tumbo lake likawa ngoma,
na mama akamkanda, akamkanda, akimwomba radhi
kana kwamba ni yeye aliyezikausha.

Aliyetuokoa hakuvaa fulana yenye nembo.
Mama Khasandi, wa banda la mbuzi,
aliyekimbia na mtoto mgongoni
na chungu kilichotobolewa matundu chini.
"Tangu lini," alisema, "punje kavu ikaingia motoni
bila kulala majini?"
Akachoma maganda ya maharagwe, akachuja majivu,
tone, tone, maji ya rangi ya chai.
Munyu wa kwao. Akatia kijiko kimoja.
Kesho yake njegere zilipasuka zikawa rojo,
zikawa chakula,
na Mugo akalamba sahani
mpaka ua lililochorwa chini yake likachanua.

Sasa nina kalamu ya wino mzito, na lori linanguruma.
Mkubwa wangu, Bwana Onsongo, mtu mwema, mtu wa fomu,
anasema gunia haliandikwi.
Gunia lina namba, lina nchi, lina tarehe, basi.
Nikamwuliza: na namna ya kupika?
Akasema hiyo ni bajeti ya idara nyingine.

Tena ningeandika kwa lugha gani?
Huko yaendako sijui maji wanayaitaje.
Basi nikachora. Sufuria. Mawimbi mawili ya maji. Punje.
Juu yake, mwezi.
Yaani ziache zilale. Yaani usiwashe leo.
Majivu yalinishinda, yalitoka kama nzi,
nikayafuta kwa mate.
Magunia kumi na manne,
Onsongo akiwa kwenye simu.

"Hii nini, dada?" Kipsoi akauliza. "Ndizi?"
"Mwezi."
"Mwezi unafanya nini juu ya sufuria?"
"Unasubiri."
Akatikisa kichwa, akakaza kamba za turubai.

Kumi na manne, katika elfu moja na mia mbili.
Huenda mama fulani atadhani ni alama ya kampuni.
Atachemsha tangu saa nane hadi jua kuzama,
atamkanda mwanawe, ataomba radhi
kwa lugha nisiyoijua.
Kisha atakung'uta gunia, atalichana, atalishona liwe mlango
kama mama alivyofanya,
na mwezi wangu utaning'inia hapo, umepinda kama ndizi,
ukiitazama sufuria yake.

Hesabu ilitimia. Nikatia saini.
Wino wa kidole haujatoka hadi sasa,
nami maharagwe yangu ya kesho
nimeshayatia majini.